Mwaka Nilipoitwa Kontroli

Mama Risper haandiki ujumbe wa simu. Yeye hutuma sauti, na sauti zake huja kwa kelele, kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya ghuba. Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu Kisumu naosha sufuria, simu ikalia, na sauti yake ikajaza nyumba nzima. "Nyar Rongo! Mimi nafunga jicho Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Nafunga kabisa, yawa. Usiniletee keki. Kuja wewe mwenyewe, na kuja mapema." Nyar Rongo ni mimi, binti wa Rongo. Binti yangu yuko kidato cha nne na anadhani kila mtu mzee ni mgonjwa. Aliniuliza kwa hofu kama huyo mama anafariki. Nilicheka hadi nikakaa kwenye ndoo. Nikamweleza kwamba jicho linalofungwa ni la hadubini, kwamba Mama Risper anastaafu, na kwamba mimi mama yake nilipata kuwa msichana mkaidi aliyebishana na jicho hilo mwaka mzima. Hakuniamini. Kwa hiyo nikaanza kumsimulia, na tangu jioni ile mwaka wenyewe umekataa kuniacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti kipya na kiburi kipya zaidi. Maabara yetu ilikuwa nyumba ya kupanga mjini Homa Bay, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea ziwani, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha ifanane na maabara. Sebuleni palikuwa na meza ndefu ya hadubini, na juu yake bado ilining'inia kalenda ya mwenye nyumba yenye picha ya tausi. Chumba cha kulala ndipo tulipotayarisha sampuli. Jikoni, juu ya saruji palipokuwa jiko, ilikaa mashine yangu ya PCR, mashine ya kuzidisha vinasaba, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa sindano mithili ya redio ya bibi harusi. Bafu ndilo lilikuwa chumba cha giza, kwa sababu halikuwa na dirisha. Tukitaka kuangalia matokeo, tulijibana humo watu wawili, mmoja amekanyaga shimo la kutolea maji, tukawasha taa ya zambarau juu ya jeli, kila sampuli na mstari wake, na kutazama ni mistari gani inang'aa. Furaha zangu kubwa na aibu yangu kubwa zaidi zilinipata ndani ya bafu lile.

Kazi yangu ilihusu mnyoo wa kichocho cha tumbo, yule anayeishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu, dume na jike wamekumbatiana miaka na miaka. Lakini sikumtafuta mnyoo mwenyewe, wala mayai yake. Nilitafuta kipande kidogo cha vinasaba vyake chenye tabia ya ajabu. Vinasaba ni maandishi ambayo kila kiumbe hubeba mwilini, maagizo ya jinsi ya kuwa alivyo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo hutulia mahali pake. Ndani ya mnyoo huyu, hata hivyo, kuna vipande visivyotulia. Hujinakili, nakala ikaenda kujipachika mahali pengine, nayo ikajinakili tena, vizazi kwa vizazi, hadi mnyoo mmoja anakuwa na nakala nyingi mno za kipande kilekile, zimetapakaa kila pembe. Wataalamu hawajakubaliana vinamsaidia nini. Huenda vingi havimsaidii lolote, vimejaa tu kama jamaa waliokuja matangani wakasahau kuondoka. Kwangu mimi wingi huo ulikuwa neema. Ukimtafuta mtu mmoja katika soko la Homa Bay utazunguka hadi miguu iume. Ukitafuta ukoo uliolijaza soko zima, humkosi angalau mmoja wao. Niliamini, na bado naamini, kwamba kipande kile kinachohama kingeniambia nani ana mnyoo hata pale ambapo hadubini haioni kitu.

Hapo ndipo nilipogongana na Mama Risper. Alikuwa mtaalamu wetu wa hadubini, mwanamke mnene wa Sindo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu, na alikuwa amesoma vioo vya hadubini tangu kabla sijaanza shule. Kila aliyeajiriwa pale alipimwa naye siku ya kwanza, awe dereva au daktari, na matokeo yake yakaandikwa ndani ya daftari kubwa la jalada jeusi ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifungua. Mimi nilipopimwa aliinua kichwa akasema, "Safi," kama hakimu anayemwachilia mshtakiwa bila kumpenda. Mashine yangu hakuipenda hata kidogo. "Mimi naona yai na macho yangu," alinieleza wiki ya kwanza. "Wewe unaona nini? Laini. Hata soksi ya shule iko na laini." Nikamjibu kwamba mayai hayatoki kila siku, kwamba mtu mwenye minyoo michache anaweza kupita mbele ya hadubini akionekana mzima kabisa. Alinitazama juu ya miwani. "Nyathina, mwanangu, nikisema hakuna yai, hakuna yai." Daktari Simiyu, mkubwa wetu, mtu wa Bungoma mpole aliyependa chai kuliko ugomvi, alitoka nje kila mara mazungumzo yalipofika hapo.

Mchana tulikula sote kwa Mama Zuhura, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa mzaliwa wa Isiolo, mjane, aliyefungua hoteli yake mjini humo na kuwafundisha watu wa samaki kupenda pilau. Kwa sababu yake na ya Daktari Simiyu, meza yetu iliongea Kiswahili, la sivyo mimi na Mama Risper tungegombana kwa Dholuo na wao wasielewe utamu wake. Nakumbuka meza ile ya bati iliyopakwa rangi ya buluu, bakuli la pilipili, mvuke wa chapati, na Mama Zuhura akipita nyuma yetu na birika, akitia neno lake katika kila jambo. Aliliogopa ziwa. Miaka yote aliyokaa Homa Bay hakuwahi kuchovya hata kidole. "Maji ambayo siyaoni chini yake, mimi na yeye tusalimiane kwa mbali," alisema. Tulimcheka sana kwa hilo, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi, nikijua wazi kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa Rongo, wa miwa na matope mekundu.

Sasa nieleze tulichokuwa tunapigania. Kando ya Sindo kulikuwa na shule ya msingi iliyojengwa karibu sana na maji, kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya uwanjani unaokotwa na wavuvi. Watoto wake walikuwa wamepewa dawa ya kichocho miaka kadhaa mfululizo, mayai yakapungua kwenye vioo vya Mama Risper, hadi mwaka ule shule ikaonekana safi. Shule zinazoonekana safi zilikuwa zinaondolewa kwenye orodha ya dawa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Perez, alikuja maabara mwenyewe, viatu vikiwa na vumbi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa akakataa chai. "Mnasema wamepona," alisema. "Mimi nawaona kila siku. Wanalala darasani, tumbo inawauma, wengine wanaona damu chooni na wanaficha. Hawa hawajapona. Ni nyinyi mmechoka kuangalia." Mama Risper aligeuka kwenye kiti chake kwa hasira, kwani vioo vile vilikuwa vyake. Daktari Simiyu akaniangalia mimi. Orodha ya mwaka uliofuata ingefungwa mwisho wa muhula wa tatu. Aliniambia, mbele ya mwalimu yule, kwamba kama kipimo changu kingeweza kuonyesha ukweli bila shaka yoyote, angekibeba yeye mwenyewe hadi kwenye kikao kinachopanga orodha hiyo. Mwalimu Perez akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliuhisi mshiko huo kwa siku nyingi.

Kipimo hakiaminiki bila kontroli. Lazima uweke kando ya sampuli zako maji matupu, na pia choo cha mtu unayejua hana mnyoo, ili mistari yote miwili ibaki giza; ikiwaka, ujue umechafua kazi. Nani angekuwa mtu huyo? Mama Risper alizaliwa Sindo. Daktari Simiyu alikuwa amesimama ndani ya maji akiokota konokono nusu ya maisha yake. Tukabaki na msichana wa miwa, ambaye daftari jeusi lenyewe lilisema ni safi. Nikajaza fomu kwa mkono wangu. Umewahi kuishi karibu na ziwa? Hapana. Umewahi kutembelea maeneo ya ziwa kabla ya kuajiriwa? Hapana. Nikatia sahihi kwa mbwembwe. Kisha nikachukua sampuli sitini za watoto ambao hadubini iliwaona wazima, wazazi wao wakiwa wamekubali, nikafanya kazi wiki nzima bila kupumua. Ijumaa tukajibana bafuni. Taa ikawaka. Watoto zaidi ya nusu waling'aa, mstari mmoja baada ya mwingine, mizuri, iliyonyooka, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga kigelegele Daktari Simiyu aliponigusa bega. Mstari wa maji ulikuwa giza kama unavyotakiwa. Wa kontroli ulikuwa unawaka.

Mama Risper alipoambiwa aliendelea kusoma vioo vyake. Hicho ndicho kilichoniuma, maana nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Nilirudia. Nilibadilisha maji, nikabadilisha mirija, nikasugua meza kwa dawa hadi vidole vikapauka, nikafunga dirisha na nywele. Watoto waliwaka, maji yakabaki giza, kontroli ikawaka. Nilichukua sampuli mpya ya kontroli, yaani yangu mwenyewe, kwenye kopo jipya. Ikawaka. Mara ya tatu Daktari Simiyu aliniita barazani, akanimiminia chai, na nikajua mambo yameharibika kwa sababu aliniwekea sukari bila kuniuliza. Alisema hawezi kwenda kikaoni na kipimo kinachomshtaki mtu mwenye afya kama mimi kuwa mgonjwa. Wangemcheka, na wakishacheka mara moja hawatasikiliza tena. Zilibaki wiki tatu. Akasema, "Adoyo, kama hujapata uchafu unaingilia wapi, tutaweka hii kazi kando." Nililia bafuni, mahali palepale. Nikitazama nyuma leo nashangaa jinsi akili iliyosoma inavyoweza kuwa nzito. Niliushuku mfuniko, niliishuku hewa, nilimshuku hata Mama Risper, Mungu anisamehe. Nilishuku kila kitu isipokuwa neno hapana nililoliandika mwenyewe mara mbili.

Jumatatu iliyofuata Mama Zuhura alikuwa na ngege wa mchuzi. Sikuwa na hamu ya kula, lakini samaki ni samaki, na nilimwomba kichwa. Nilianza na mashavu, nikaja kwenye jicho, nikaling'oa, nikafyonza, kisha nikaufungua mfupa wa kichwa kwa dole gumba na kunyonya kilichomo, nikipanga miba kando ya sahani bila kuitazama. Nilipoinua uso, Mama Zuhura alikuwa amesimama na birika lake, amesahau kumimina. "Haya, mtoto wa miwa," alisema. "Miaka yote hii mimi nimepika samaki na miba bado inanichoma. Wewe kichwa umekivua kama shati. Umefunzwa wapi?"

"Kwa wajomba zangu," nilimjibu mdomo ukiwa umejaa. "Kila likizo nilikuwa huko. Muhuru Bay."

"Muhuru Bay," alirudia. Alifikiri kidogo. "Na hiyo Muhuru Bay, mwanangu, iko mlimani?"

Mama Risper aliweka kijiko chini polepole. Mimi niliona mambo mengi kwa pamoja. Niliona mchanga wenye omena walioanikwa wanang'aa, na nyanya akitupa jiwe kufukuza kunguru. Niliona mitumbwi, na sisi watoto uchi, tumekaa majini tangu chai ya asubuhi hadi tuitwe kula, mwaka baada ya mwaka, hadi likizo ya mwisho nilipomaliza kidato cha nne. Mtu asiye wa kwetu ataniuliza nilisahau vipi. Sikusahau. Mtoto wa binti yao, okewo tunavyomwita, haendi kwa wajomba kama mgeni. Hapigi hodi, hapangiwi siku ya kurudi, hafokewi hata akivunja chungu. Nera Otieno, kaka yake mama, aliwaambia wanawe mbele yangu kwamba wao watarithi mitumbwi lakini okewo anakula kwanza. Ukiniuliza kama nimewahi kutembelea maeneo ya ziwa, nitakuambia hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu watu hutembelea kwa watu, na pale palikuwa kwetu. Mama Risper ni Mjaluo kuliko mimi. Alikuwa amesikia visa vya Nera Otieno miezi minane juu ya meza ileile, na yeye pia hakuona kitu. Ilibidi mwanamke wa Isiolo atuonyeshe ziwa.

Nilitoka pale nikikimbia, kisha nikasimama, nikarudi. Mashine yangu haikuwa imekosea hata siku moja. Ilikuwa imeniambia ukweli mara tatu nami nikaisugua kwa dawa. Lakini nani angeniamini? Msichana ambaye kipimo chake kimeharibika, na sasa anadai kwamba hakijaharibika, ila yeye ndiye mgonjwa. Kikao kingesema nimejitungia ugonjwa ili kuokoa kazi. Kulikuwa na shahidi mmoja tu katika wilaya nzima ambaye neno lake halikupingwa na mtu yeyote, na shahidi huyo alikuwa anamalizia ugali wake mbele yangu. Nikamwambia, "Mama, nitakuletea choo asubuhi tatu. Tafuta yai."

Alijua nilichokuwa naomba. Akiona yai, basi mashine yangu imeona kile ambacho jicho lake lilikosa siku aliponiita safi, na kama lilikosa kwangu, lilikosa kwa watoto wa Sindo, kijiji chake mwenyewe. Asipoona, hatakuwa amefanya kosa lolote. Atasoma tu kioo kama kawaida, na mimi nitafungasha vitu vyangu. Hakuna ambaye angemshika. Daktari Simiyu alijifanya anatafuta chumvi. "Lete," Mama Risper alisema hatimaye. "Lakini usisimame nyuma yangu. Nachukia mtu anapumua kwa shingo yangu."

Jumanne alisoma vioo vinne. Hakuna. Jumatano vinne. Hakuna. Alhamisi nilimpelekea kopo langu nikiwa nimelifunga kwa gazeti, nikapita chini ya yule tausi wa kalenda bila kumtazama mtu, nikaenda kukaa jikoni na mashine yangu. Ninasikia hadi leo mlio wa kile kiti chake. Alisoma kioo cha kwanza, na cha pili. Kwa kawaida alikuwa anaimba nyimbo za kanisa huku akisoma, kwa sauti ya pua. Siku ile hakuimba. Alitayarisha kioo cha tano, kisha cha sita, ambavyo hakuna aliyemwomba. Mchana ulifika, Mama Zuhura akaja mlangoni kuuliza kama tumekufa. Mama Risper akampungia mkono aondoke. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Nyar Rongo. Kuja uone mtu wako."

Niliinama. Mwanzo niliona uchafu wa kawaida, nyuzinyuzi na mapovu. Halafu hilo hapo, katikati, alikuwa amelituliza katikati kabisa kwa ajili yangu: yai moja la kahawia ya asali, refu, lililoiva, na ubavuni mwake ule mwiba mmoja ambao yai jingine lolote halina. Yai langu. Mnyoo aliyelitaga nilikuwa nimemchukua huko kwa Nera Otieno, nikambeba chuoni, nikamleta hadi Homa Bay ndani ya damu yangu, na akaniwakia taa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kuruka juu kwa kuambiwa ana kichocho. Niliruka. Nilipiga kile kigelegele kilichonikwama kooni tangu Ijumaa ile, nikamkumbatia Mama Risper na miwani yake ikaanguka. Daktari Simiyu alikuja mbio, akainama kwenye hadubini, akainuka, akavua kofia yake. Mama Risper peke yake hakucheka. Alikuwa ameliweka daftari jeusi mapajani, anaandika. "Mimi siuzi jicho langu," aliniambia bila kuinua uso. "Hata kwa mimi mwenyewe."

Tulichobaki nacho kilikuwa kumpata kontroli mpya, na haikuchukua dakika. Mama Zuhura alipiga kelele zote za ulimwengu, akasema wallahi hajawahi kuombwa zawadi ya namna hiyo na wanasayansi wala na mume, kisha akatuletea kopo ndani ya kikapu, limefunikwa sahani kama kitoweo. Jumatatu tukajibana bafuni, safari hii watu watatu, kwa kuwa Mama Risper, aliyekuwa hajawahi kukanyaga mle, aliingia na kujisogezea nafasi kwa nyonga. Taa ikawaka. Maji, giza. Mama Zuhura, giza, giza safi la Isiolo. Mimi niling'aa mwishoni kama shahidi aliyekiri. Na katikati yetu watoto wa Sindo, wengi wao, mmoja baada ya mwingine, wanasema kile mwalimu wao alichokuwa amesema tangu mwanzo. Mama Risper alihesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Alipomaliza alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeijua kwake, "Hawa ni wajukuu zangu," kisha akatoka. Daktari Simiyu alikwenda kikaoni na picha ya jeli, na kioo cha yai, na barua iliyoandikwa na Mama Risper kwa mkono wake. Orodha ilipofungwa, shule ile ilikuwamo.

Siku ya dawa nilikwenda Sindo. Mwalimu Perez alikuwa amepika uji tangu alfajiri, kwa sababu vidonge vile havimezwi tumbo likiwa tupu, na watoto walisimama mmoja mmoja kando ya fito ya kupimia urefu ili ijulikane kila mmoja ameze vingapi. Ni vikubwa na vichungu, na mtoto wa kwanza, msichana wa darasa la tatu, alifumba mdomo kama kobe. Nikasimama mbele ya mstari wote, nikajipima kwenye fito, watoto wakacheka, nikameza vyangu kimoja kimoja, nikakunja uso kwa kila kimoja ili wapate haki yao. "Hata mwalimu wa maabara iko na minyoo?" msichana yule aliuliza. Nikamwambia ndiyo, tena walewale wa kwenu. Akafungua mdomo. Baada ya hapo mstari ulikwenda kwa kasi.

Miezi iliyofuata nilijipima tena na tena, mstari wangu ukififia, hadi asubuhi moja nikaingia bafuni peke yangu, nikawasha taa, na mahali pangu hapakuwa na kitu. Nimepokea vyeti tangu hapo, nimepigiwa makofi katika kumbi zenye viyoyozi, na kipande kile kinachohama nimekifuatilia kwenye minyoo ya nchi nyingine na bado hakijaniambia kinakokwenda. Sijawahi kufurahia lolote kama nilivyolifurahia giza lile.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi nilifika Sindo mapema, kama nilivyoagizwa, nikiwa na binti yangu. Mama Risper alikuwa amekaa chini ya hema la kukodi, amevaa gauni la kijani, miwani bado imefungwa kwa uzi, kando yake Mama Zuhura mwenye mvi na birika ambalo hakukubali kumwachia mtu. Daktari Simiyu hakuwepo. Tulimzika Bungoma mwaka jana, na wazee wale wawili walikuwa wamemwachia kiti. "Huyu ndiye Kontroli," Mama Risper alitangazia watu wote, na vicheko vikapita, kwa maana kisa hicho Sindo nzima inakijua. Tulikula ngege. Binti yangu alipewa kichwa akakitazama kwa woga, na Mama Zuhura akamnong'oneza, "Usijali, mimi pia bado."

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Risper alinivuta nyuma ya hema. Alikuwa na kitu ndani ya kanga: daftari la jalada jeusi, pembe zimeliwa na mende. "Wamechukua hadubini," alisema. "Hii hawakuuliza." Alilifungua mahali palipowekwa uzi mwekundu. Lilikuwa jina langu, tarehe ya siku yangu ya kwanza kazini, na mbele yake, kwa wino wa buluu, neno lile alilolitamka kama hakimu: Safi. Lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu kwa nguvu, kulikuwa na tarehe ya Alhamisi ile na maneno mawili tu: Yai moja. Kisha, peke yake, pembeni kabisa ya ukurasa: Nilikosea.

Miaka hii yote. Alikuwa ameyaandika palepale mbele yangu, huku mimi naruka, na hakuniambia. Macho yalinijaa machozi, nikayaacha yamwagike. Mama Risper alikuwa anatazama upande wa ziwa, anajifanya anasumbuliwa na nzi. Nikamwomba kalamu. Akaitoa kwenye nywele zake, mahali alipoiweka siku zote, na chini ya neno lake, kwa mwandiko wangu mbaya, nikaandika: Hata mimi.